Kwanza Ijiite Yenyewe

Mpaka leo nikisikia watu wa Kamembe wanamsifu Maman Fundi, roho inaniuma. Sijifichi. Miaka kumi na moja meza yake ilikuwa mbele ya mlango wangu, ng'ambo ya njia, chini ya ngazi za jengo la maduka ya vitenge, na miaka yote hiyo nilimwonea wivu asubuhi, mchana na jioni. Alizaliwa wapi na akina nani, kawaulizeni waliompenda, ni wengi. Mimi nasema nilichokiona nikiwa nyuma ya kioo changu.

Maana mimi nilikuwa na kioo. Duka langu lilikuwa na milango miwili ya kioo, kibao chenye taa, viti vya wateja vyenye mito, na cheti nilichokitoa Kigali nikakitia kwenye fremu. Yeye alikuwa na meza ya mbao, stuli mbili, kitambaa cha kufunika mashine zisipate vumbi, na miwani aliyoifunga shingoni kwa kamba ya kiatu. Watu walishuka kwenye moto, zile pikipiki za abiria, wakiwa wamekumbatia kompyuta zao, wakapita chini ya kibao changu, wengine wakanisalimia vizuri kabisa, kisha wakavuka kwenda kwake. Nilichokitaka wakati ule ni kimoja tu. Mtu mmoja mwenye shida ya rezo, maana mtandao huku tunauita rezo, avuke njia kutoka upande wake aje kwangu. Mmoja tu, nimtengenezee, aende kusema.

Hakuja.

Kazi yake alikuwa anaianza kwa namna moja, hata kama mteja anatetemeka kwa haraka. Alivaa miwani, akafungua mashine, akafungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, na akaandika namba ambazo nilizijua kwa kuzisikia kabla ya kuziona, kwa sababu alizitamka kwa Kifaransa huku anabonyeza: mia moja ishirini na saba, sifuri, sifuri, moja. Hiyo ni anwani ambayo kila kompyuta duniani inayo kwa ajili yake yenyewe. Ukiita hapo, ujumbe hautoki nje. Unazunguka ndani ya mashine na kurudi. Mistari minne inashuka kwenye kioo, jibu, jibu, jibu, jibu. Basi hapo Maman Fundi alikuwa anavua miwani.

"Kwanza ijiite yenyewe," aliwaambia watu. "Muntu akiamuka asubui, anajua kwanza kama yeye eko muzima. Kisha ndio anauliza habari ya jirani."

Watu walipenda sana maneno hayo. Nilikuwa nawaona wanatikisa vichwa kama waliosikia mahubiri, na mimi huku nyuma ya kioo nasema moyoni, hata mimi nikiwekewa stuli chini ya ngazi ningeyasema.

Sasa msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Alikuwa mkali. Mtu akimletea mashine iliyomwagikiwa na Fanta halafu aseme imekufa yenyewe, alimtazama juu ya miwani mpaka aseme ukweli. "Usinidanganye mimi. Danganya bibi yako, mimi hapana." Alikataza mtu kula mezani pake, hata andazi, akisema makombo yanaingia chini ya herufi; lakini yeye mwenyewe alikunywa chai ya maziwa juu ya kompyuta za watu, kikombe kimejaa mpaka ukingoni, anaongea na mkono unacheza. Nilisubiri kwa hamu siku kikombe kile kingemponyoka. Miaka kumi na moja hakikumponyoka. Na fundi huyu wa rezo wa wilaya nzima ya Rusizi, ambaye maofisi ya Cyangugu chini ziwani yalimtumia gari, nyumbani kwake hakuwa na mtandao. Alisema akifika nyumbani anataka kusikia redio na kimya.

Jambo lililoniudhi kuliko yote ni uongo wake. Ndiyo, huyo aliyekataa kudanganywa alikuwa anadanganya kutwa. Siku moja mwalimu mmoja wa kutoka Gitambi alimletea kompyuta, amesafiri nayo mabondeni asubuhi yote, kwa sababu haishiki mtandao. Tatizo lilikuwa nini? Alibonyeza kitufe cha kuzima mawimbi, kile cha pembeni, bila kujua. Niliona kwa macho yangu Maman Fundi anakibonyeza kwa kidole gumba, sekunde moja, imekwisha. Mimi ningemwambia, mwalimu, ulizima mwenyewe. Yeye alifungua mgongo wa mashine, akapuliza ndani, akafunga tena.

"Kulikuwa ka kitu kadogo ndani," alisema. "Sasa kametoka."

Mwalimu alirudi Gitambi na heshima yake. Nilimuuliza Maman Fundi kwa nini. Akanywa chai kwanza. "Ametembea mbali," akasema. "Arudi na haya tena?"

Hivyo ndivyo alivyowashika watu. Kila aliyefanya upumbavu aliondoka pale akidhani mashine yake ndiyo mpumbavu. Nani angekuja kwangu, mimi niliyekuwa nawaambia ukweli?

Nikadhani angalau nyumbani niko salama. Siku moja naangalia ng'ambo, naona kompyuta yenye kibandiko cha ua jekundu juu ya meza yake. Ua lile nilibandika mimi. Ilikuwa ya mke wangu. Jioni nilimfuata jikoni.

"Mama Zuhura, mashine yako umeipeleka kule kwa nini?"

"Ulikuwa na kazi."

"Nilikuwa nimekaa."

"Ndiyo," akasema, wala hakuacha kukoroga. "Ulikuwa umekaa unamwangalia. Sikutaka kukukatiza."

Hapo ndipo nilipoamua kumwibia. Sikutaka kitu chake, nilitaka ujuzi. Cheti changu cha Kigali, nikiri sasa, kilikuwa cha kutengeneza printa na kuweka programu. Mambo ya rezo niliyapitia juu juu. Sikuthubutu kumuuliza, ningekufa kwanza. Nikawa navuka kwenda kuazima bisibisi. Nilikuwa na bisibisi saba dukani, lakini niliazima yake, ile ndogo ya mpini wa njano ulioungua upande mmoja, nikasimama nyuma ya bega lake nikijifanya naisugua. Nikaziona zile namba kwa macho. Nikaona mistari minne inashuka. Nikamwona anavua miwani na kusema, "Eko muzima," halafu anaikunja mashine na kuondoka na mwenye mashine kwenda kumaliza kazi ofisini kwa huyo mteja. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano, ni hivyo hivyo. Nikasema, kumbe ni hilo tu! Nikarudi dukani na kichwa kimevimba, na bisibisi yake mfukoni. Sikuirudisha.

Muda si mrefu shule moja ya Mururu, kule juu mlimani, ilipata chumba cha kompyuta, mashine ishirini na mbili za wanafunzi na moja kubwa ya kutunzia mitihani. Direkta wa shule alishuka Kamembe kumtafuta Maman Fundi, asimkute. Akaingia kwangu kuuliza atarudi saa ngapi. Huyo alikuwa mtu wa kwanza aliyeingia kwangu na neno rezo mdomoni. Nikamkalisha kwenye kiti chenye mto.

"Direkta, yule mama namheshimu," nikamwambia. "Lakini macho yake yamechoka. Hasemi, ila sisi majirani tunajua. Ile kazi yako ni ya nyaya ndogo ndogo."

Macho ya Maman Fundi hayakuwa na tatizo lolote. Alisoma namba za nyuma ya mashine ambazo mimi nilizipiga picha na kuzikuza. Nilitunga pale pale, na maneno yakatoka laini, wala sikusikia aibu. Nikapewa kazi.

Nilienda Mururu siku tatu. Nyaya nilizilaza vizuri, hilo hakuna atakayelikataa. Kila mashine ya mwanafunzi ilitaka iambiwe anwani ya ile mashine kubwa, ijue mahali pa kwenda kuomba mtihani. Nikakaa kwenye mashine kubwa yenyewe, nikawaza, anwani ipi? Nikaandika ile ninayoijua, ile isiyokosa kujibu: 127.0.0.1. Ukurasa wa mtihani ukafunguka pale pale. Furaha niliyoipata! Nikaenda kuandika namba hizo hizo kwenye mashine zote ishirini na mbili. Nilikuwa nataka kufungua ukurasa kwenye kila moja, lakini mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Kongo na mtu wa moto ananipigia honi nje. Nikaita kila mashine haraka haraka kama Maman Fundi anavyofanya. Zote zikajibu mara nne. Nikamwambia direkta, kila kitu kizima, nikashuka mlima nikiimba.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Wanafunzi wamekaa, mtihani hauonekani kwenye mashine hata moja. Nilipofika watoto walikuwa wametolewa nje wamekaa kwenye nyasi na kalamu zao, na direkta jasho linamtoka. Nikaita mashine ya kwanza. Ikajibu. Ya pili ikajibu.

"Unaona, direkta? Rezo ipo. Inajibu."

"Inajibu nani?" akaniuliza. "Mimi nataka mtihani."

Alikuwa ameshampigia Maman Fundi pia. Mama alikuja kwa miguu, kwa sababu moto hakuzipenda, mwavuli umefungwa anautumia kama fimbo, anapumua kwa nguvu. Alimsalimia direkta, akamwomba aende akae na watoto wasitawanyike. Tukabaki wawili. Akavaa miwani, akaandika namba zake. Majibu manne.

"Unaona?" nikasema. Ndiyo, nilisema. Nilikuwa nimeshasimama mbele ya shimo na bado nabishana.

Aliinama nyuma ya mashine, akabonyeza kile kiulimi, akachomoa kable ya rezo, akaishika mkononi.

"Jirani, andika tena."

Nikaandika. Jibu, jibu, jibu, jibu.

"Iko najibu?"

"Inajibu."

"Kable iko wapi?"

"Mkononi mwako."

"Sasa nani iko najibu?"

Mashine ilikuwa imekatwa na dunia nzima, na bado ilikuwa inajibu vile vile, bila hata kuchelewa, kwa sababu ilikuwa inaongea na tumbo lake. Mimi nilikuwa nimeona hatua ya kwanza tu. Chini ya ngazi, mezani pake, hapakuwa na rezo ya mteja, hivyo pale angeweza kupima nini kingine? Hatua zilizobaki alikuwa anazifanya huko huko maofisini, kuita mashine ya jirani, kisha mashine kubwa, kisha nje, na huko mimi sikuwahi kumfuata. Nilikuwa nimeiba mlango nikadhani nimeiba nyumba.

Akafungua mahali nilipoandika anwani ya mashine kubwa. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena. Nilijua ameelewa. Kila mashine niliiambia mtihani uko ndani yake yenyewe, na kila moja ilikuwa inautafuta humo humo. Kwenye mashine kubwa ulifunguka kwa sababu pale tu ndipo ulipokuwa.

Nilingoja acheke. Angecheka ningeweza kukasirika.

"Wewe anza upande wa dirisha," akasema. "Mi naanza huku."

Akanipa anwani ya kweli ya mashine kubwa na tukaiandika kote, yeye kumi na mbili, mimi kumi. Hata hapo alinishinda. Watoto wakaingia. Mtihani ukafunguka kwenye mashine zote. Direkta akaja mlangoni akimwangalia yeye, si mimi.

"Ilikuwa nini, Maman?"

"Ile kisanduku ya katikati ilipata joto," akasema. "Jirani alifanya kazi muzuri. Mi nilikuya tu kumusaidia iende mbio."

Aliongopa bila kupepesa macho, kama kwa yule mwalimu wa Gitambi. Na mimi niliyetembea na cheti ndani ya fremu nikawa mmoja wao, mtu aliyepuliziwa vumbi ili arudi nyumbani na heshima. Tuliteremka mlima pamoja. Ningesema asante, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi. Lakini nitakwambia ukweli, sikuwahi kumchukia kama siku ile. Kunishinda kazi, sawa. Kunishinda na roho pia? Tulipofika barabara ya lami alisema neno moja tu.

"Kesho leta bisibisi yangu."

Sikuipeleka.

Baada ya hapo nilijifunza. Nilinunua vitabu, nikafanya mafunzo, nikajua rezo sawasawa, nataka mjue hivyo. Naye taratibu akaanza kusogeza mashine karibu na uso. Kisha akawa anaomba wateja wamsomee. Kisha asubuhi moja meza haikuwepo chini ya ngazi. Macho yalikuwa yamekwenda kweli, kama nilivyomsingizia. Sikulala vizuri siku zile, na nikiwa sijalala wateja wake walianza kuingia kwangu, wanakaa kwenye viti vyenye mito, na kila mmoja akifungua mdomo anasema, Maman Fundi alikuwa anafanya hivi, Maman Fundi alikuwa anafanya vile. Kuvuka walivuka, lakini walivuka naye.

Mwaka jana, baada ya Idi, mke wangu alipokea simu dukani, akanipa jicho. "Maman Fundi anakuita. Rezo yake imekufa."

"Ana rezo?"

"Binti yake alimwekea. Ili waonane."

Nilishuka Cyangugu, nyumbani kwake, na sahani ya biriani ya Mama Zuhura, na mfukoni bisibisi ya mpini wa njano. Alikuwa amekaa sebuleni, kitenge kimenyooka, miwani bado shingoni kwa kamba yake, ingawa haina kazi tena. Nilimpa bisibisi mkononi. Akapapasa mpini, akafika pale palipoungua, akatabasamu.

"Ilikuwa na safari ndefu," akasema.

Binti yake anaishi Kigali na alikuwa anangojea saa tisa wapigiane. Kila wiki, aliniambia, binti anamwambia ahamie huko, maana eti mama peke yake hawezi kitu tena. "Mi sitaki. Hapa minajua hata sauti ya mlango. Akiona rezo imekufa siku tatu, atakuya na gari kunibeba."

Nikakaa mbele ya mashine. Akanizuia mkono.

"Kwanza ijiite."

Niliijua kazi ile kuliko jina langu, lakini nikafanya anavyosema, nikamsomea. Majibu manne. Iite anwani yake ya rezo, akasema. Imejibu. Ita kisanduku, kile kinacholeta rezo ndani. Kimya. "Shuka na kable, polepole, na vidole." Ningefika mwenyewe, lakini nikashuka na kable kwa vidole, na nyuma ya kabati, mahali ilipobanwa na mguu wa kabati, waya ulikuwa umekatika ndani. Nilikuwa na nyingine kwenye mkoba. Wakati naichomeka akasema, sauti ya kawaida kabisa:

"Direkta aliniambia vile ulisema juu ya macho yangu. Aliniambia kwa simu, siku ile ile ya mtihani."

Nilibaki nimepiga magoti nyuma ya kabati.

"Na bado ulipanda mlima?"

"Batoto balikuwa banangoja."

Nikasema, nisamehe, Maman. Akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Ita kisanduku tena." Kikajibu. Nikaita nje. Nje ikajibu.

Saa tisa binti akatokea kwenye kioo na kelele za Kigali nyuma yake. Walisalimiana, wakacheka, kisha binti akasogea karibu.

"Maman, si ilikuwa imekufa? Nani ametengeneza?"

Maman Fundi akafungua mdomo. Yule mwanamke ambaye miaka yote alikuwa na ka kitu kadogo ndani, na kisanduku kilichopata joto, alikaa na mdomo wazi, hana uongo wa kujisitiri yeye mwenyewe, na vidole vinaizungusha bisibisi. Na mimi hapo, fundi wa rezo, nimemtengenezea mtu aliyevuka kutoka upande wake akaja kwangu. Kazi safi, shahidi yupo, nilichobakiza ni kutaja jina. Miaka yote nilikuwa nangoja niulizwe swali lile.

Nikainama uso wangu uonekane.

"Ni yeye mwenyewe," nikasema. "Alipima yote kutoka hapo alipokaa. Mimi nilishika kable tu."

"Si nilijua!" binti akasema. "Nani mwingine?"

Maman Fundi akatia bisibisi mfukoni mwa kitenge chake. Nikaanza kukunja kable mbovu taratibu, wao wakiendelea kuongea, na roho ikaniuma pale pale ilipozoea kuniuma.